Simu Kumi na Tisa Mezani

Dukani, Jumapili mchana

Kwako dada yangu, Mwalimu,

Pokea salamu zangu kabla hujautambua mwandiko ukaitupa bahasha. Natumai huko walikokuhamishia mmeanza kuzoea, wewe, shemeji na watoto, na kile kifua cha mdogo kimepumzika. Mimi nipo. Mgongo unalalamika kwa kuinamia meza, macho yanadai miwani nami nayazungusha, lakini nakula, nafanya kazi, na mlango wa duka nafungua mwenyewe kila asubuhi kama ulivyoniacha.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu namba yangu umeizuia. Usikatae, dada, mimi ni fundi simu, nikipiga mara moja tu najua kama mtu hana chaji, hana mtandao au hanitaki. Nimepiga mara sita katika wiki tano na mara zote sita sauti ni ile ya kutotakiwa. Basi nimemwomba mwalimu mwenzako anayekuja huko kufuatilia uhamisho wake akuletee bahasha hii. Hajui kilichomo. Anadhani ni vyeti vyako.

Mara ya mwisho uliniuliza swali moja tu, walinipa ngapi, ukakata kabla sijafungua mdomo. Sikukasirika sana, maana kila mtu mtaani anauliza hivyohivyo. Wanaliona kabati jipya la kioo hapa dukani, wanasahau kwamba kabati hilo nimelisubiri miaka minne. Mwenye genge la mboga aliniambia usoni kwamba sasa hata nikimtengenezea spika atasikia sauti ya Mkandarasi, mpinzani wako. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu mwenye duka akinuna anafukuza wateja. Jibu la swali lako ninalo. Ila ni refu, na ukirukia mwisho hutanielewa. Nisome kwa mpangilio.

Nianze na kikao kile ambacho wewe hukukaa, ulikuwa kwenye usahihishaji wa mitihani. Tulikuwa arobaini na wanne ndani ya darasa la nne, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Yule bwana kutoka makao makuu ya chama alikuja na kompyuta yake na mashine ya kutupa picha ukutani. Jina la Bwana Mfumo tulimpa siku hiyohiyo, kwa sababu kila alichoulizwa alijibu kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Alisema chama kimeamua kurudisha madaraka kwa wanachama. Mgombea udiwani wa kata yetu hatapatikana tena kwa watu kujipanga mistari uwanjani nyuma ya wagombea. Kila mwanachama atapiga kura kwenye simu, kwa siri, akiwa amekaa kwake. Fundi viatu wa pale kona akauliza huo mfumo unakaa wapi, una mlango, na mtu akiwa na shida agonge upande gani. Darasa zima likaangua kicheko. Bwana Mfumo naye alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na swali likaishia hapo.

Mzee Mwenyekiti alikuwa hataki. Alisema marehemu baba aliwahi kushindwa kwenye mstari kwa watu watatu, akawatazama wote watatu kwa sura zao, na jioni akaenda kunywa chai kwa mmoja wao amuulize kakosea wapi. Alisema kwenye mstari ukishindwa unajua nani hakukutaka, na ukishinda hakuna wa kukuambia hukushinda. Wazee wakaitikia. Bwana Mfumo akaanza kufunga nyaya zake.

Aliyesimama ni mimi. Hili sikuwahi kukwambia, na wewe umekuwa ukidhani tuliletewa mfumo kwa nguvu. Nilisimama nikawaambia wawafikirie vibarua wa Mkandarasi, wale wapasua kokoto sitini na kitu. Mkandarasi akigombea, nani kati yao atasimama nyuma ya Mwalimu wakati bosi wake yuko mbele anamtazama? Niliwakumbusha uchaguzi uliopita: waliosimama mstari wa upande wa pili, Jumatatu yake hawakuitwa kazini. Nikasema simu haina macho. Watu walinisikiliza, dada. Mimi ndiye ninayewatolea picha za marehemu wao kwenye simu zilizotumbukia chooni. Nikisema simu ni salama, nani atabisha? Waliokubali thelathini na nane, waliokataa watano, mmoja alikuwa amelala. Nilihesabu mwenyewe.

Usajili ukafanyika kwa siku kumi kwenye ofisi ya Mkandarasi, kwa maelezo kwamba pale kuna jenereta. Mimi kama katibu wa tawi nilipeleka daftari la wanachama, lile la jalada jeusi aliloanzisha baba. Lilikuwa na majina mia nne thelathini na moja. Najua, kwa sababu kila mwaka nilikuwa nawafuta waliokufa kwa mkono wangu. Asiyekuwa na simu aliambiwa atapewa namba. Sikuuliza namba ya nani. Siku ya kumi mfumo ukaonyesha tawi letu lina wanachama mia sita themanini na wanane. Nikamuuliza Bwana Mfumo hao mia mbili hamsini na saba wamezaliwa lini. Akanijibu kwa upole kwamba chama kinakua. Nikaandika malalamiko kupitia mfumo wenyewe, maana ndiyo njia pekee iliyokuwepo, na mfumo ukanijibu ombi langu limepokelewa. Mpaka leo limepokelewa.

Siku ya kura unaikumbuka, lakini wewe ulizuiliwa nje ya geti la shule kwa kuwa ni mgombea, hukuona yote. Kura zilifunguliwa saa mbili asubuhi zifungwe saa kumi jioni. Ndani ya shule kulikuwa na meza ya msaada kwa wasiojua kutumia simu. Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu: unaandika namba ya kadi yako ya chama, mfumo unakutumia ujumbe wenye tarakimu sita, unazirudisha, unachagua picha, unathibitisha. Niliupima kwa saa ya ukutani. Mwepesi wa vidole, mtandao ukiwa mzuri, sekunde arobaini. Shangazi yetu angetumia dakika sita na dua juu.

Huyo shangazi ndiye aliyeanza kupiga kelele. Saa nane alifika pale mezani, akapewa msaada, na mfumo ukamwambia ameshapiga kura yake saa sita na dakika kumi na nne. Akauliza kwa sauti iliyofika barabarani kama mfumo umekuwa mumewe, umwamulie mambo yake bila kumwambia. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu nyuma yake kinyozi naye aliambiwa ameshapiga, na fundi viatu alikuwa ameshafukuzwa tangu asubuhi kwa neno hilohilo. Mpaka jioni walifika watu arobaini na sita. Matokeo ukayasikia: Mkandarasi mia tatu tisini na saba, wewe mia moja themanini na saba.

Sasa hapa ndipo nilipojiona mjanja. Mfumo ulikuwa unaonyesha jumla ya kura hadharani, na mimi kila baada ya dakika kumi nilikuwa naiandika nyuma ya daftari la wateja. Saa saba na dakika kumi umeme ulikatika kata nzima, mnara wa simu ukazima nao, na kwa dakika ishirini hakuna mtu hapa aliyeweza hata kubipu. Kabla ya giza la mtandao Mkandarasi alikuwa na mia moja hamsini na moja. Mtandao uliporudi alikuwa na mia tatu themanini na tisa. Kura mia mbili thelathini na nane, dakika ishirini, simu hakuna. Gawanya mwenyewe: kura moja kila sekunde tano, wakati mimi, fundi, natumia arobaini.

Nilitaka kulia kwa furaha, dada. Nilijua nimewashika. Chama kinatoa siku kumi na nne za rufaa, nami sikupoteza hata moja. Tulikwenda nyumba kwa nyumba na Mzee Mwenyekiti tukichukua maelezo ya wale arobaini na sita, kila mmoja ukurasa wake, sahihi au dole gumba. Siku ya tisa ikatoka barua yako ya uhamisho. Wewe ulipanga mabegi ukaniambia kwenye geti lako kwamba hujali wakupeleke wapi ilimradi mimi nisiiachie rufaa. Nikakuahidi. Siku ya kumi na tatu nikaenda ofisi ya mkoa, nikaifuta kwa sahihi yangu.

Mzee Mwenyekiti tulikuwa tumekwenda naye. Alibaki kwenye benchi la korido, faili limelala mapajani kama mtoto, mimi nikaitwa peke yangu. Chumba kidogo, viti vitatu, chombo cha maji ya kunywa ambacho hakikuwa na maji. Bwana Mfumo aliinuka kunipokea, akaniita Katibu, akaniuliza habari za safari. Akasema ameyasoma maelezo yote, kazi nzuri, safi, hajawahi kuona tawi lililoandika hivyo. Akasema kuna mawili tu yanamsumbua. Akageuza kompyuta nione.

Shangazi. Na kinyozi.

Mbele ya jina la shangazi ilikuwepo saa, sita na dakika kumi na nne. Mbele ya saa ilikuwepo simu iliyotumika, na mbele ya simu, mtandao uliobeba kura hiyo. Mtandao wa Wi-Fi una jina, dada, na jina hilo nililiweka mimi kwa utani mwaka juzi ili majirani waone haya: USIIBE BANDO. Kwa kinyozi hivyohivyo. Bwana Mfumo aliniuliza taratibu kama ninaufahamu.

Sasa nakuambia nilichofanya. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, na nimeliandika hili mara tatu kwenye karatasi nyingine nikazichana.

Siku ile ya kura nilifungua duka kama kawaida kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yangu. Kwenye trei kulikuwa na simu thelathini na moja. Unajua ninavyofanya kazi: kila simu inayoingia naibandika kikaratasi mgongoni, jina la mwenyewe, ugonjwa wa simu, na namba ya siri ya kuifungulia, maana nisipoifungua sitajua kama imepona. Saa tano na nusu fundi viatu aliingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa ametoka shuleni. Walimwambia ameshapiga kura, kwa namba ambayo hajawahi kuiona. Hakugomba. Alisema tu kwamba kwenye mstari angalau angehesabika, akaongeza kwamba mimi ndiye niliyesema simu haina macho. Kisha akaomba maji, akanywa, akaenda zake kazini.

Nilikaa nikiitazama trei. Kichwa kilikuwa kinafanya hesabu chenyewe, kama kawaida yake. Simu thelathini na moja. Zinazowaka, ishirini na nne. Za wanachama, kumi na tisa. Namba zao za siri ziko mgongoni. Namba zao za kadi ziko kwenye daftari jeusi, na daftari lilikuwa rafu ya juu, mimi ndiye katibu. Hakuna mtu mwingine katika kata hii aliyekuwa na vyote viwili. Nilijiambia hao wenyewe ni watu wetu, watachelewa, watafukuzwa kama fundi viatu, na kura zao zitaliwa. Nikajiambia nawahifadhia. Nikavuta mlango nusu, nikaanza. Saa sita na dakika kumi mpaka saa sita na dakika thelathini na tatu. Simu ya shangazi ilikuwa ya tano. Nilipobonyeza picha yako kwa niaba yake nilitabasamu, nikasema huyu wala hahitaji kuulizwa, huyu ni damu yetu.

Wewe ungenikataza. Baba alipoona ada inamtosha mtoto mmoja akakuchagua wewe kwa sababu una mwandiko mzuri, ingawa hesabu zako za nyumbani nilikuwa nazifanya mimi chini ya meza. Ukatoka mtu wa mstari ulionyooka, mimi nikatoka mtu wa kutafuta njia. Ndiyo maana sikukuuliza.

Jioni, watu wale arobaini na sita walipojitokeza, niliwajua wawili wangu tangu dakika ya kwanza. Wale kumi na saba wengine hawakwenda shuleni, hawakujua na hawajui. Lakini shangazi na kinyozi walikuwa wameshapiga kelele mbele ya umma, na Mzee Mwenyekiti ameshaandika majina yao. Ningewatoaje kwenye orodha? Ningesema nini? Nikajipa moyo kwamba kati ya arobaini na sita, wawili hawataonekana. Nilimshikia shangazi wino mimi mwenyewe akabonyeza dole gumba kwenye maelezo ya kuibiwa kura. Aliniambia mwanangu, mtafute huyo mwizi mpaka umpate. Nikamjibu ndiyo, shangazi.

Nikirudi pale chumbani: Bwana Mfumo hakunitisha. Natamani angenitisha. Alisema chama kinawalinda wanachama wake, na mimi ni mwanachama wa thamani. Akasema kwa bahati mbaya rufaa ikiendelea, utaratibu unataka kila mwanachama atumiwe ujumbe kuelezwa kilichobainika, kwamba simu zilizokuwa kwa fundi zilitumika. Ujumbe mia sita themanini na nane. Nikaliona duka langu, kigoda, trei tupu. Miaka kumi na tano tangu nilipoanza na bisibisi moja na mwavuli, wanaume wakinipita mezani wakiuliza fundi yuko wapi. Mtu anaponiachia simu yake ananiachia mambo yake yote, na simu inaponitoka mkononi hana njia ya kuhakikisha nilifanya nini isipokuwa kuniamini.

Nilimuuliza jambo moja tu. Nikasema kama mfumo unaona jina la mtandao wa dukani kwangu, basi unaona na mtandao uliobeba wale arobaini na wanne waliobaki, na zile mia mbili thelathini na nane za gizani. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyejibu sawa swali ambalo halipo kwenye mtihani. Akasema mfumo unaona kila kitu, Katibu. Akaisogeza karatasi ya kufuta rufaa. Ilikuwa imeshachapwa, jina langu limeandikwa bila kosa, na tarehe ya siku hiyo.

Aliuliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo.

Mzee Mwenyekiti alipoinuka kwenye benchi nilimdanganya. Nikamwambia wanasheria wameona ushahidi hautoshi. Akauliza hata zile dakika ishirini? Nikamwambia hata zile. Tukarudi mpaka mtaani kwetu. Alinikabidhi faili, akaniambia yeye ni mzee, labda hesabu za siku hizi hazielewi. Dada, mzee yule ameelewa hesabu ile kuliko wote. Mimi ndiye niliyemwambia haielewi. Hajaja tena kwenye kikao, wala hakuna kikao.

Ungedhani niliishia hapo. Mimi siwezi kuacha hesabu wazi, unanijua. Baada ya wewe kunizuia nilichukua daftari jeusi nikaanza kuzunguka, kila alasiri nyumba saba, nane. Niliuliza maswali mawili: ulipiga kura kwa mkono wako, na ulimpa nani. Niliwaambia ni kumbukumbu ya familia, na kwa kuwa rufaa imekufa hakuna aliyeogopa kunijibu. Vibarua wa kokoto wengine walinijibu wakicheka, kama mtu anayesimulia ndoto. Majina mia nne thelathini na moja, nimeyamaliza yote. Wawili walikuwa wamehama nikawapigia.

Waliopiga kwa mkono wao ni mia mbili themanini na watatu. Mkandarasi walimpa mia moja kumi na watano. Wewe walikupa mia moja sitini na wanane. Sikuamini, nikajumlisha upya. Chukua hao mia moja sitini na wanane wako, ongeza kumi na tisa zangu, unapata mia moja themanini na saba, ile ile iliyotangazwa. Imefunga bila kubaki hata moja. Hakuna aliyenidanganya.

Kwa hiyo ulishinda, dada. Ulishinda kwa kura hamsini na tatu, na kati ya wapasua kokoto sitini na wawili, thelathini na tisa walikuwa wako. Ile siri niliyowaahidi ilifanya kazi. Kwenye mstari usingewapata hata kumi. Ulikuwa umeshinda bila mimi. Zile kumi na tisa hazikuhitajika hata moja, na ndizo pekee zilizowapa cha kunifungia mdomo. Kama ningeiacha trei ile, ningeingia chumba kile na maelezo arobaini na manne yaliyo safi na dakika ishirini za giza, na sijui angegeuza kompyuta anionyeshe nini.

Na hizo kumi na tisa zenyewe niliwauliza wenye nazo, kwa mzunguko, wangempa nani kama wangepiga. Kumi na wawili wewe. Saba Mkandarasi. Mmoja wa hao saba ni shangazi. Nilimuuliza kwa mshangao, akaniambia Mkandarasi alikuja mpaka jikoni kwake, akakaa kwenye ndoo, akamwomba kura. Akasema ninyi wawili hamkuniomba, mlinihesabu tu.

Swali lako lilikuwa walinipa ngapi. Hawakunipa kitu. Nimeandika maungamo yangu kwenye karatasi ya peke yake ndani ya bahasha hii, na sahihi, pamoja na majina yote kumi na tisa na hesabu yote jinsi ilivyofunga. Ukitaka kuyapeleka popote, peleka, sitakanusha. Ila nisikudanganye: siku za rufaa ni kumi na nne, na leo ni ya hamsini na moja. Nilipiga simu makao makuu nikijifanya mtu mwingine, nikauliza kama jambo jipya linaweza kufungua shauri lililofutwa. Nikaambiwa niwasilishe kupitia mfumo.

Ukatibu nimejiuzulu kwa barua, hakuna aliyejibu. Nikataka kujitoa chamani kabisa. Nimepekua kurasa zote kumi na moja za programu ya chama kwenye simu. Kuna kitufe cha kujiunga, cha kuchangia, cha kumwalika rafiki. Cha kutoka hakipo. Wiki iliyopita uliniingia ujumbe kwamba tawi letu limepitisha azimio la kumpongeza mgombea kwa asilimia mia moja, na asante Katibu kwa kushiriki. Mgombea wa chama katika kata hii ndiye diwani, hana mpinzani, kilichobaki ni kuapishwa. Viti vya plastiki vimeshaletwa uwanjani, pale pale watu walipokuwa wanapanga mistari.

Siku hizi mteja akileta simu namwambia asiniandikie namba ya siri, aje aifungue mwenyewe nikimaliza. Wananicheka. Jana kinyozi aliniambia fundi, wewe tena, wewe si mtu wa nyumbani? Akaiandika kwa kalamu yake mwenyewe, akaibandika mgongoni mwa simu, akaiweka kwenye trei, akaondoka akipiga mluzi. Iko hapa mbele yangu nikikuandikia.

Usinifungulie namba kwa sababu ya barua hii. Ihakiki kwanza hesabu, wewe ni mwalimu, na ukikuta kosa niandikie, ningefurahi sana kama kungekuwa na kosa.

Msalimie shemeji, mwambie redio yake ilipona zamani, ipo kabatini inamsubiri. Wabusu watoto, na yule mdogo umwambie mama mdogo anamuulizia kifua chake. Shangazi anakusalimu, alinisisitiza niseme ni yeye anayekusalimu, si mimi kwa niaba yake.

Ni mimi mdogo wako,

Fundi